Macho Kumi na Mawili ya Mfurungu

Jumanne, 1 Aprili. Ganda

Nimefika kijijini kwetu jana mchana. Nilipanga kukaa siku mbili, nimwone Baba, kisha nirudi zangu Kilifi. Dada yangu Kadzo ndiye aliyenipigia simu kuniambia Baba amekataa kula, na kama nina safari nisiikawize. Nimemkuta anakula. Alimaliza bakuli zima la uji mbele yangu, akapangusa mdomo kwa kiganja, akaniuliza kama nimeuona mti. Kadzo aliinama akajifanya anatafuta kijiko.

Hapa kwetu pana minazi, mikorosho na mwembe mmoja, lakini Baba akisema mti ana maana ya mfurungu ulio nyuma ya jiko. Furungu ni jamaa ya chungwa, ila ni kubwa kama kichwa cha mtoto na ganda lake ni nene. Ya sokoni ni meupe ndani, nayo yana uchungu wa kumkunja mtu uso. La Baba ni jekundu, tamu, halina uchungu hata chembe, na sijapata kuliona kwingine. Kijiti chake alikitoa Rabai kabla sijaanza shule, kimefungwa katika kitambaa kibichi.

Sasa unakufa. Shina linatoka utomvu wa rangi ya asali, gamba linabambuka likiguswa, na matawi ya juu yamekauka karibu yote. Chini tu, shina linapoingia ardhini, ndipo palipobaki uhai. Hapo machipukizi mabichi yamesimama wima kama fito.

Baba haoni tangu miaka sita iliyopita, kwa sababu ya presha ya macho, na tangu hapo hakuna aliyeuhudumia mti. Jana alinishika mkono akasema, "Sanga, sikuombi lingine. Usiuache ufe bila mtoto."

Nikakubali. Ni rahisi kumkubalia mtu asiyeuona uso wako. Jambo la mwisho aliloniomba kabla ya hili lilikuwa cheti cha shamba, nimfuatilie kwa kuwa mimi ni karani na ninaijua milango. Milango ikanishinda. Badala ya kuja kumwambia, nikapunguza kuja. Mimi nikiona haya huondoka, na nikiwa mbali hukaa mbali. Kwa miaka thelathini na minne nimekuja hapa kwa matanga na Krismasi, tena si kila Krismasi. Sasa nimestaafu na sina hata kisingizio cha kazi.

Alhamisi, 3 Aprili

Nimekwenda Malindi, kwenye kitalu kile cha miti ya matunda kilicho barabara ya majumba ya wageni. Sijapata kuona mimea iliyolelewa namna ile. Kila mche una chungu chake cha kupakwa rangi, kila chungu kina kibao. Kuna ndimu ndefu mfano wa vidole, kuna machungwa ambayo ukiyapasua ndani ni mekundu kama damu, kuna michenza iliyofupishwa isizidi kimo cha meza ili ikae barazani na kuzaa humo humo chunguni. Nilizunguka nikiwa nimefumbata mikono nyuma, nikiogopa kugusa.

Msimamizi ni mama mmoja anaitwa Jedida, mpole, aliyenisemesha kama mtu aliyepotea njia. Nilimwambia nataka furungu jekundu. Akanionyesha jeupe. Nikasema jekundu. Akafungua simu akanionyesha picha, akasema linaweza kuagizwa kutoka nje, baada ya mwaka litakuwa limefika. Nikamwambia baba yangu ana miaka themanini na minane, na halitaki la picha, analitaka la mti wake. Basi akaniuliza kama mti una ugonjwa. Nilipokiri, alirudi nyuma hatua moja, kana kwamba ninao mimi. Hapokei kijiti cha mti wa nje, akasema, seuze mgonjwa. Hapo pana miche mia nane na ikiambukizwa atafukuzwa kazi.

Alikuwa na haki, na kwa sababu hiyo nilitoka nimekasirika zaidi.

Ijumaa, 4 Aprili

Mvua. Baba ameniuliza nilichokiona Malindi, nikamweleza habari za ndimu za vidole. Amecheka mpaka akakohoa.

Jumatano, 9 Aprili

Rabai. Baba ndiye aliyenituma. Alisema kijiti alipewa na mzee Kiponda, kwamba mti mama ulikuwa uani kwake, mkubwa kuliko huu wetu, na watu wa Rabai hawakati mti ovyo. Nilifika kabla ya saa sita. Mzee Kiponda alikufa zamani. Nyumba ni ya mjukuu wake, na mkewe ndiye aliyenipokea. Alinipa kiti, maji, kisha akanisindikiza uani na kunionyesha ulipokuwa mti. Pamesimama tangi la maji juu ya jukwaa la saruji. Akasema uliondolewa yeye akiwa mja mzito wa mtoto wa kwanza, na huyo mtoto sasa yuko kidato cha pili. Aliukumbuka utamu wake. Alisema hivyo akilitazama tangi, na nadhani aliona haya, ingawa halikuwa kosa lake.

Akanifungia ndimu kumi katika mfuko. Nimerudi nazo, ndizo nilizovuna katika safari nzima. Nilimwambia Baba kwamba nyumba ya Kiponda inamsalimu sana. Alisubiri niendelee, sikuendelea, naye hakuuliza.

Jumamosi, 12 Aprili

Mvua.

Ijumaa, 18 Aprili. Ijumaa Kuu

Kadzo amekwenda kanisani, nimebaki na Baba. Nilitakiwa kumgeuza ubavu saa nne na kumpa dawa saa sita. Nilisahau la kwanza na nikachelewa la pili. Kadzo aliporudi hakusema neno, alimgeuza tu, akampaka mafuta mgongoni. Ningalipenda aseme. Dada yangu ana ulimi wa kukata kamba, ila kwa mambo yenyewe hasa hunyamaza.

Jumanne, 22 Aprili. Kilifi

Nimekuja kuangalia nyumba yangu kama haivuji, na hapo hapo nimempata mtu. Anaitwa Gachanja. Kitalu chake kiko nyuma ya maofisi, njia ya kuteremkia kijito cha bahari, mahali nilipopita kwa miguu kila siku ya kazi nikidhani ni muuza makaa. Miche yake imo ndani ya madumu yaliyokatwa, ndoo za rangi, mabeseni yaliyopasuka, hata sinki moja la choo. Huko Malindi vyungu ndivyo vinavyopendeza, hapa inapendeza miti. Ana malimau ya aina nne, machenza yasiyo na mbegu, balungi, mipera ya kuzaa ndani ya ndoo. Ni mtu wa Murang'a, yuko pwani mwaka wa kumi na tisa, na Kiswahili chake bado kinatembea kwa miguu ya huko kwao.

Nilimweleza. Hakurudi nyuma. Aliuliza utomvu unatoka wapi, gamba linanuka au halinuki, majani yana manjano ya namna gani. Kisha akasema, "Mzee, hiyo ni ugonjwa ya shina. Huko juu haijafika. Kama kuna tawi moja iko hai huko juu, tunaokoa."

Akanifunza kubebesha, maana mpaka leo nilikuwa nikilisikia neno tu. Mche wa limau hupandwa kwa mbegu, kwa sababu limau lina mizizi migumu na halichagui udongo. Ukifikia unene wa penseli hupasuliwa gamba, na ndani yake huchomekwa jicho, lile tumba dogo la kuchipukia, lililotolewa katika kijiti cha mti unaoutaka. Jicho likishika, mche hukatwa kichwa juu yake, na kinachoota kutoka hapo ni mti ule mwingine, juu ya miguu ya limau. Vijiti nitavikata mimi mwenyewe: juu kabisa, upande wa jua, kwenye tawi lililowahi kuzaa. Nivue majani yote nibakize vikonyo, nivifunge kwa gazeti bichi, vimfikie siku hiyo hiyo.

Nilimuuliza kama ana hakika vitashika. Akasema, "Mimi niko na mikono tu. Ukiniletea kijiti mbaya, nitakubebeshea mti mbaya, na nitaibebesha vizuri sana."

Tumekubaliana Jumatatu ya tarehe tano, mvua ikipungua.

Jumatano, 30 Aprili. Ganda

Mvua haijapungua. Utomvu umeongezeka. Tawi moja lililoelekea mashariki, juu kabisa, lina majani sita au saba, mapana kama kiganja changu. Mengine yote ni kuni.

Jumatatu, 5 Mei

Leo nitaandika kirefu, maana nimefanya jambo na sijui nilipe jina gani.

Mvua ilikatika alfajiri. Nilichukua ngazi ya Kadzo, ile ya kuchumia korosho, nikaiegemeza shinani. Gamba lilibonyea kama mkate uliolowa. Nilipanda vidato vinne. Kidato cha tano miguu ikaanza kutetemeka, nami nina miaka sitini na moja na uzito ambao ngazi ile haikuujua. Kadzo alikuwa ameishika chini. Akasema nishuke, tumwite Chengo mkwezi, kesho asubuhi atakuwa hapa. Nikamwambia mtu wa kitalu ananingoja leo, na kwamba mimi si mtoto. Baba akaita kutoka ndani, anataka maji, na Kadzo akaniacha.

Nikashuka.

Nikasimama nikilitazama lile tawi, kisha nikayatazama machipukizi ya chini. Manene, yamenyooka, unene wa penseli barabara kama alivyosema Gachanja, mabichi kuliko kitu chochote katika mti ule. Nikajiambia mti ni mmoja, damu yake ni moja, na hapa chini ndipo ilipo na nguvu. Nikakata manane. Yalikuwa na miiba iliyonichoma, nikaiparura yote kwa kisu. Nikavua majani nikabakiza vikonyo, nikafunga kwa gazeti bichi, nikaondoka kabla Kadzo hajatoka.

Gachanja alivipokea kwa mikono miwili. Akavigeuza, akavikwaruza kwa ukucha, akaniuliza, "Ulikata juu?"

Nikasema, "Juu."

"Upande ya jua?"

"Upande wa jua."

Alisema vina nguvu kuliko alivyotazamia kwa mti uliougua hivyo. Kisha akaketi juu ya debe na kuanza kazi, na nakiri kwamba sijaona mikono mizuri zaidi. Alipasua gamba la mche kwa mkato mmoja wa kusimama na mmoja wa kulala, akalifungua kama bahasha, akatoa jicho kwenye kijiti kwa kisu chembamba, akalichomeka, akalifunga kwa utepe wa nailoni. Kila jicho dakika mbili. Macho kumi na mawili, ndoo kumi na mbili.

Alisema tungoje wiki tatu. Nikikigusa kikonyo kikaanguka chenyewe, jicho limeshika. Kikikauka na kung'ang'ania, limekufa. Akasema pia kwamba yakishashika tuukate mti mzee na kuuchoma moto, maana ugonjwa ule hukaa shinani na ardhini, na miche isiletwe karibu nao.

Nimemwambia Baba kwamba macho kumi na mawili yamechomekwa. Aliniuliza nilikata wapi. Nikasema juu. Uongo wa pili ulitoka kwa urahisi kuliko wa kwanza.

Alhamisi, 8 Mei

"Yameshika?" anauliza Baba kabla hajasalimiwa. Namwambia bado, wiki tatu.

Jumapili, 11 Mei

"Yameshika?" Bado.

Jumatano, 14 Mei

Mvua. Paa la chumba cha Baba limevuja, tumehamisha kitanda. Ndipo nilipomwona jinsi alivyokonda. Kadzo alimwinua peke yake, kama anavyoinua ndoo ya maji, na ilinijia kwamba amekuwa akimwinua hivyo miaka sita. Nilijitolea kumsaidia. Akaniambia nishike mito.

Jumanne, 20 Mei

Baba ana homa. Bado anauliza.

Jumatatu, 26 Mei. Kilifi

Yameshika yote kumi na mawili. Gachanja alinipisha niguse mwenyewe. Nilikigusa kikonyo cha kwanza kwa ncha ya kidole, kikaanguka. Cha pili vile vile. Nilipofika cha kumi na mbili nilikuwa natoa machozi, na sikujificha. Gachanja alikuwa amekunja uso. Alisema katika miaka kumi na tisa hajapata kuona kumi na mawili kwa kumi na mawili, furungu na limau si watu wa kupatana upesi hivyo. Nilidhani anajisifu.

Nikamwambia nataka kuichukua leo. Akakataa. Alitaka ikae kwake mpaka macho yachanue na kutoa majani, ayaone. Nikamwambia Baba ana homa na huenda asiyafikie majani. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe alikata miche vichwa juu ya macho, akanifundisha kumwagilia, akanisaidia kupanga ndoo garini. Alisema atapita Ganda akipeleka mzigo Malindi, aione.

Nimerudi Ganda jioni, na Baba amezigusa ndoo zote, moja moja. Homa imepungua.

Jumamosi, 31 Mei

Tumeukata. Chengo alikuja na shoka na msumeno. Baba alitaka atolewe nje, tukamweka kwenye kiti mlangoni pa jiko. Alisikiliza kila pigo akiwa ameinamisha kichwa. Mti ulipoanguka haukutoa kishindo kikubwa, ulikuwa umeoza zaidi ya tulivyodhani. Baba akamuuliza Chengo kama matawi yote yalikuwa yamekauka. Chengo akasema yote ila moja, la juu, lilikuwa bado lina maji.

"Haidhuru," akasema Baba. "Watoto wake tunao."

Nilikwenda kuleta mafuta ya taa. Umewaka mpaka alasiri, na moshi wake ulikuwa na harufu nzuri, jambo lililonichukiza. Chengo amechimbua mpaka mizizi kama Gachanja alivyoagiza. Hakuna kilichosalia.

Ijumaa, 6 Juni

Jicho la kwanza limefumbuka. Kijani kidogo mfano wa punje ya mchele. Nimemshika Baba kidole nikakipeleka hapo.

Alhamisi, 12 Juni

Yamefumbuka tisa. Yanakua kwa kasi, asubuhi na jioni si sawa. Baba anakula. Jana aliomba samaki. Nimejifunza kumgeuza ubavu bila kumuumiza, na Kadzo ameniachia zamu ya asubuhi. Sikuwa najua kwamba Baba huimba akioshwa. Nimekaa hapa miezi miwili na nusu, na sijakaa hivi tangu nilipokuwa kijana.

Jumatano, 18 Juni

Majani. Mabichi, yanang'aa, yamechongoka ncha. Nimemwita Kadzo aje ayatazame. Aliyatazama kwa muda mrefu, akainama, akalishika moja, kisha akasema ana kunde za kuchambua. Nimekasirika kidogo. Mwanamke huyu hafurahii kitu.

Jumapili, 22 Juni

Baba ameomba jani. Nilichuma moja lililokomaa nikamtia kiganjani. Akalisugua kati ya vidole, akalipeleka puani, akafumba macho, ambayo hata yakiwa wazi hayamwonyeshi kitu. Mimi harufu za jamaa yote ya machungwa ni moja kwangu, lakini yeye hutofautisha.

"Ulikata wapi?" akauliza.

"Juu, Baba. Upande wa jua."

Alilisugua jani tena kidogo, akaliweka kifuani. Akasema, "Umefanya vyema, mwanangu."

Sina kumbukumbu ya kuambiwa hivyo kabla ya leo. Nimeandika tarehe hii kwa herufi kubwa ukutani, juu ya kitanda changu.

Alhamisi, 26 Juni

Baba haulizi tena habari za miche. Nadhani moyo wake umetulia. Anataka tu nikae karibu, nimsomee gazeti hata la wiki iliyopita. Amepunguza kula.

Jumatano, 2 Julai

Hakula. Upepo wa kusi umeanza kuvuma kwa nguvu, nimeisogeza miche ukutani. Ina miiba sasa, mirefu.

Jumanne, 8 Julai

Gachanja amepita leo saa tano, akielekea Malindi na mzigo wa michenza. Hakuingia hata ndani. Alisimama mbele ya ndoo, akatazama ya kwanza, ya pili, akapita zote mpaka ya mwisho. Akachuma jani, akalikunja, akalinusa. Kisha akakaa chini kwenye udongo na suruali yake safi.

Aliniuliza tena kama nilikata juu. Safari hii nilisema kweli.

Hakunikaripia. Ningalipata nafuu kama angalinikaripia. Alinieleza taratibu, akichora kwa kijiti mchangani. Baba naye alipoleta kijiti kutoka Rabai alikibebesha juu ya limau, kama wafanyavyo wote wanaojua kazi. Mti wote juu ya kiungo, pale lilipochomekwa jicho, ulikuwa furungu. Chini ya kiungo ulikuwa limau tangu mwanzo, na kila mwaka limau hutaka kuota lirudi kuwa mti, ndiyo sababu mwenye mti huyakata machipukizi yale kila msimu. Baba alikuwa akiyakata. Alipopofuka yakaota. Mimi nikayachukua yale, nikayavua majani ambayo yangalimwonyesha mtu yeyote kwamba si furungu, nikayaparura miiba, nikampelekea fundi akayabebesha limau juu ya limau. Ndiyo maana yalishika yote.

"Jani ya furungu iko na bawa kubwa hapa chini, kama jani mbili," akasema akinionyesha. "Hii haina. Hii ni limau tu, mzee. Ni limau nzuri."

Nikamuuliza kama liko jambo la kufanya. Akaliangalia jivu pale nyuma ya jiko. Akasema kama lile tawi moja lingekuwapo. Halikuwapo. Alinipa mkono, akaenda zake.

Kadzo alikuwa amesimama mlangoni na ungo. Hakushtuka. Nikamuuliza tangu lini anajua. Akasema tangu majani ya kwanza, na kwamba Baba alipokwisha kunusa jani alikwenda kumwambia, Baba akamwambia anyamaze. Nikamuuliza kwa nini. Akasema nimuulize mwenyewe.

Sikumuuliza. Sikuingia chumbani mwake siku nzima, Kadzo amefanya zamu zote mbili.

Alhamisi, 10 Julai. Kilifi

Naandika haya nikiwa nyumbani kwangu, dirisha limefungwa.

Jana asubuhi niliingia kwa Baba nikakaa ukingoni mwa kitanda. Alikuwa macho. Nilimwambia yote kwa pumzi moja: ngazi, machipukizi, Rabai na tangi lake, uongo wa kwanza na wa pili. Nilimwambia hakuna furungu, halipo tena duniani, na mimi ndiye niliyelimaliza. Alinisikiliza mpaka mwisho. Mkono wake ulitambaa juu ya shuka mpaka ukaupata wangu. Ulikuwa mwepesi, hauna kitu.

Nikamwambia, "Ulijua siku ile uliponusa jani. Mbona hukuniambia?"

Akanigeuzia uso.

"Ningekwambia siku ile, ungeondoka siku ile," akasema. "Nimekupata siku kumi na saba zaidi."

Nilikuwa nimeshavaa viatu.